UZI: Lete swali lako la hesabu pamoja na njia yako, tuutafute mstari ulioharibika

#1 Kipeuo

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa njia, siyo wa majibu. Ukileta swali, lete na kazi yako yote mstari kwa mstari, hata ile uliyoikata. Anayepata jibu la ajabu mara nyingi hajakosea swali zima. Kakosea mstari mmoja, na yote yaliyo chini yake yamelifuata kosa lile kwa utiifu kabisa. Kazi yetu ni kuutafuta mstari huo.

Naanza na matatu. Yamekosewa makusudi, namna yanavyokosewa madaftarini:

A) √(x + 7) = x − 5. Jibu lililoandikwa: x = 9 au x = 2.

B) Katika pembetatu ABC, D iko kwenye AB, E iko kwenye AC, na DE ni sambamba na BC. AD : DB = 2 : 3. Eneo la ABC ni sm² 75. Tafuta eneo la ADE. Jibu lililoandikwa: (2/3)² × 75 = 33.3.

C) Mfuko una gololi 8: nyekundu 5 na za bluu 3. Zinatolewa mbili, moja baada ya nyingine, bila kurudisha. Uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti ni upi? Jibu lililoandikwa: 5/8 × 3/7 = 15/56.

Karibuni. Msiniambie tu "yote matatu yamekosewa", hilo nimeshalisema.

#2 MezaYaTano

Naichukua A, kwa sababu ndiyo yenye hila. Hesabu yake haina mstari hata mmoja uliokosewa, na bado jibu si sahihi.

√(x + 7) = x − 5
x + 7 = (x − 5)²
x + 7 = x² − 10x + 25
0 = x² − 11x + 18

Namba mbili zenye zao 18 na jumla −11 ni −9 na −2, kwa hiyo (x − 9)(x − 2) = 0. Mpaka hapa safi. Sasa rudisha kila jibu kwenye mstari wa KWANZA kabisa, siyo kwenye ule wa mwisho:

x = 9: kushoto √16 = 4, kulia 9 − 5 = 4. Imekubali.
x = 2: kushoto √9 = 3, kulia 2 − 5 = −3. Imekataa.

Jibu ni 9 peke yake. Hiyo 2 imetoka wapi? Imeingia kwenye mstari wa pili. 3 na −3 ni namba tofauti, lakini ukizipandisha kwenye kipeo cha pili zote zinakuwa 9. Kwa hiyo mstari wa pili hauwezi tena kujua kama ulitoka kwenye √(x + 7) = x − 5 au kwenye √(x + 7) = −(x − 5). Unakupa majibu ya milinganyo yote miwili kwa pamoja, na 2 ni jibu la ule mwingine.

Ukitaka kuiona mapema: kipeuo cha pili kikiandikwa hivi hakiwi hasi, kwa hiyo upande wa kulia nao lazima usiwe hasi, yaani x ≥ 5. Andika hilo pembeni kabla ya kuanza, na 2 itajiondoa yenyewe.

Kuna kosa lingine la mstari wa tatu ambalo Kipeuo hakuliweka: kuandika (x − 5)² = x² + 25, au x² − 25. Lijaribu kwa namba. Weka x = 6: (6 − 5)² ni 1, wakati 36 + 25 ni 61. Basi, limekufa hapo hapo.

#3 Gololi8

Mkuu MezaYaTano, kwa hiyo kila mlinganyo lazima nirudishe majibu mwanzoni? Hata 3x + 4 = 19?

#4 MezaYaTano

Kwa 3x + 4 = 19 kurudisha ni kuhakiki kama umekosea hesabu, basi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya pande zote kwa namba isiyo sifuri ni hatua zinazoweza kufutwa kinyumenyume, haziongezi wala hazipunguzi majibu. Hatua za kuogopa ni tatu.

Kupandisha kwenye kipeo cha pili kunaongeza majibu, kama tulivyoona.

Kuzidisha kwa kitu chenye x pia kunaongeza. Chukua x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2. Zidisha pande zote kwa (x − 3): x = 3 + 2(x − 3), yaani x = 2x − 3, kwa hiyo x = 3. Lakini ukiweka 3 kwenye swali, asili ya sehemu inakuwa sifuri. Mlinganyo huu hauna jibu. Ndiyo, "hauna jibu" ni jibu halali, liandike.

Kugawanya kwa kitu chenye x kunapoteza. Hili ndilo baya zaidi, kwa sababu kurudisha hakukusaidii: jibu lililopotea halipo ulirudishe. Mfano 3x(x − 4) = 5(x − 4). Mtu anakata (x − 4) pande zote, anapata x = 5/3, anarudisha, inakubali, anafunga daftari ameridhika. Kumbe x = 4 nayo inafanya pande zote kuwa sifuri. Usikate. Hamisha: (x − 4)(3x − 5) = 0, majibu ni 4 na 5/3.

#5 Rula_na_Bikari

B ni yangu.

Kosa: 2/3 ni uwiano wa AD kwa DB, na DB si upande wa pembetatu yoyote kati ya hizi mbili. Ni kipande kilichobaki. Pembetatu ndogo ni ADE na kubwa ni ABC, kwa hiyo upande wa kulinganisha na AD ni AB nzima. AD sehemu 2, DB sehemu 3, AB sehemu 5. Uwiano ni 2/5.

Njia kwa ukamilifu wake:
1. Chora pembetatu mbili KANDO KWA KANDO, ndogo peke yake na kubwa peke yake. Zikiwa zimepandana, jicho linasoma DB kama upande.
2. Thibitisha kwamba zinafanana. Pembe A ni ya zote mbili. Pembe D ni sawa na pembe B kwa sababu DE na BC ni sambamba na AB inazikata zote. Pembe mbili zinatosha. Andika "zinafanana", usiandike "zinalingana". Zinazolingana zina ukubwa uleule pia.
3. Uwiano wa pande 2/5, uwiano wa maeneo (2/5)² = 4/25.
4. 4/25 × 75 = 12. Eneo la ADE ni sm² 12, na trapeza DBCE ni 75 − 12 = 63.

Asiyeamini hiyo mraba ya hatua ya 3 achukue rula. Gawanya kila upande wa ABC sehemu 5 sawa, kisha unganisha alama kwa mistari iliyo sambamba na pande zote tatu. Pembetatu kubwa inajaa vipembetatu vidogo vinavyolingana. Hesabu kuanzia juu: safu ya kwanza 1, ya pili 3, kisha 5, 7, 9. Jumla 25. Pembetatu ADE ni safu mbili za juu, 1 + 3 = 4. Hiyo ndiyo 4/25 yako, imekaa mbele ya macho, na kila kipembetatu ni sm² 3.

#6 Witiri

Samahani wakuu naingilia na jambo dogo. 20 − 8 + 5 × 2. Nimefuata MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) vizuri kabisa: zidisha 5 × 2 = 10, jumlisha 8 + 10 = 18, toa 20 − 18 = 2. Kikokotoo kinasema 22. Nani muongo?

#7 Kipeuo

Si jambo dogo hata kidogo, na kikokotoo kiko sahihi.

MAGAZIJUTO ni kifupi kizuri cha kukumbuka lakini kimewekwa kwenye mstari mmoja, na mpangilio wenyewe una madaraja, siyo mstari. Mabano kwanza. Kugawanya na kuzidisha ni daraja moja. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja. Ndani ya daraja moja unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, anayetangulia ahudumiwe. Kwako: 20 − 8 + 10, kushoto kwanza 12, kisha 22.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya 8 ni ya 8 peke yake. Ulipojumlisha 8 + 10 kwanza uliifanya imeze na ile 10. Iandike 20 + (−8) + 10 uone kwamba hapo hakuna 18 popote.

La kuchekesha ni kwamba GA kutangulia ZI hakuleti madhara. 12 ÷ 3 × 2 ni 8, na 2 × 12 ÷ 3 ni 8 pia, hata ukianza kugawanya kila mara. Ingekuwa ZI imetangulia GA, ya kwanza ingekuwa 12 ÷ 6 = 2, makosa. Kwa hiyo kifupi hiki kina salama upande mmoja na shimo upande wa pili, JU kabla ya TO. Ndiyo maana wengi wanakaa nacho miaka bila kushtuka.

#8 MezaYaTano

Nikazie hapo. Vipeo pia havimo kwenye MAGAZIJUTO, na vinakuja mara baada ya mabano. 2 × 3² ni 2 × 9 = 18, siyo 36. Na −3² ni −9, wakati (−3)² ni 9.

Hii inaua watu kwenye kanuni ya jumla ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Chukua x² − 3x − 10 = 0. b ni −3. Ukibonyeza −3² bila mabano unapata −9, kisha b² − 4ac inakuwa −9 + 40 = 31, na kipeuo chake hakina mwisho mzuri. Kwa mabano ni 9 + 40 = 49, kipeuo 7, x = (3 + 7)/2 = 5 au (3 − 7)/2 = −2. Kanuni ni ileile. Tofauti ni mabano mawili.

#9 Witiri

Nimeelewa, shukrani. Basi niongeze na la mafumbo: "Namba moja imezidi nyingine kwa 4. Jumla yao ni 30." Nimeandika x + 4x = 30, x = 6, namba ni 6 na 24. Nimerudisha: 6 + 24 = 30. Imekubali.

#10 Kipeuo

Mfano mzuri wa mtego, kwa sababu jibu limetoka safi bila desimali.

"Kuzidi kwa 4" na "kuzidisha kwa 4" ni ndugu wa neno moja lakini si hesabu moja. Imezidi kwa 4 maana yake tofauti ni 4: x + (x + 4) = 30, 2x = 26, x = 13. Namba ni 13 na 17.

Uhakiki wako umekubali kwa sababu umeangalia sentensi moja tu kati ya mbili, ile ya jumla. Rudisha kwenye MANENO ya swali, yote: je, 24 inazidi 6 kwa 4? Inazidi kwa 18.

Maneno mengine ya kusomwa polepole: "toa 7 kutoka kwenye x" ni x − 7, siyo 7 − x, ingawa 7 imetajwa kwanza. "Gawanya 12 kwa x" ni 12/x. Na ukikuta "mara tatu zaidi ya" kwenye swali, mwandishi wa swali ndiye mwenye makosa. Wengine wanaisoma 3x, wengine 4x.

Kwenye mafumbo ya umri chora jedwali la nguzo mbili, SASA na BAADAYE, kabla ya kuandika mlinganyo. Baba ana umri mara 4 ya umri wa mwanawe, baada ya miaka 6 atakuwa mara 3. Sasa: mwana x, baba 4x. Baadaye: mwana x + 6, baba 4x + 6. Kwa hiyo 4x + 6 = 3(x + 6), x = 12, baba 48; baadaye 18 na 54. Anayesahau kumzeesha mwana anaandika 4x + 6 = 3x na kupata miaka −6. Anayesahau mabano anaandika 3x + 6 na kupata mtoto mwenye miaka 0. Angalau hayo mawili yanajitangaza yenyewe.

#11 Gololi8

Rula_na_Bikari, kabla hujaondoka: pembetatu yenye pande sm 13, 14 na 15, duara limechorwa ndani likigusa pande zote tatu. Nusu kipenyo? Hakuna pembe hata moja iliyotolewa.

#12 Rula_na_Bikari

Pembe hazihitajiki. Unahitaji eneo.

Laza upande wa 14 uwe kitako, shusha kimo h kutoka kwenye ncha ya juu. Kimo kinagawa kitako vipande viwili, x upande wa 13 na 14 − x upande wa 15. Pande zote mbili kuna pembetatu yenye pembe mraba, kwa hiyo Pythagoras mara mbili:

h² = 13² − x²
h² = 15² − (14 − x)²

Zilinganishe: 169 − x² = 225 − 196 + 28x − x². Zile x² zinaondoka, 169 = 29 + 28x, x = 5. Kisha h² = 169 − 25 = 144, h = 12. Eneo = ½ × 14 × 12 = sm² 84.

Wanaokosea hapa hukosea −(14 − x)²: alama ya kutoa inabadilisha vitu VYOTE vitatu vinavyotoka kwenye mabano, 196, −28x na x².

Sasa duara. Unganisha kitovu chake na ncha tatu. Pembetatu imegawanyika tatu, zenye vitako 13, 14, 15, na zote zina kimo kilekile r, kwa sababu nusu kipenyo hukutana na mstari wa mguso kwa pembe mraba. Jumla ya maeneo: ½r(13 + 14 + 15) = 21r. Na hiyo ni 84. r = sm 4.

Kuhakiki eneo, tumia kanuni ya Heron: nusu ya mzingo ni 21, kisha 21 × 8 × 7 × 6 = 7056, na kipeuo chake ni 84. Njia mbili zisizohusiana zimekutana.

#13 Kipeuo

C bado iko mezani wakuu, inapoa.

#14 Sehemu_Moja

15/56 ni uwezekano wa nyekundu KISHA bluu. Swali linasema rangi tofauti, na bluu kisha nyekundu pia ni tofauti: 3/8 × 5/7 = 15/56. Jumla 30/56 = 15/28.

Usirahisishe sehemu mapema, kwa sababu asili ya 56 inakupa uhakiki wa bure. Nyekundu mbili: 5/8 × 4/7 = 20/56. Bluu mbili: 3/8 × 2/7 = 6/56. Tofauti: 30/56. 20 + 6 + 30 = 56. Ukibaki na 15/56 jumla inakuwa 41/56, na zile 15 zilizopotea zinakuonyesha hasa kilichosahaulika.

Niongezee na "angalau moja", maana ndiko kwenye msiba mkubwa. Dadu inarushwa mara 4, uwezekano wa kupata angalau 6 moja? Jibu la haraka ni 4 × 1/6 = 4/6. Lijaribu kwa mirusho 7: 7/6, zaidi ya hakika! Njia hiyo inahesabu mara mbili mirusho yenye 6 zaidi ya moja. Geuza swali: uwezekano wa kutopata 6 hata moja ni (5/6)⁴ = 625/1296, kwa hiyo angalau moja ni 671/1296, karibu 0.518.

Kwa dadu mbili zikirushwa mara 24, ukitaka angalau 6-6 moja, njia ya haraka inasema 24/36, ileile 4/6. Hesabu kamili ni 1 − (35/36)²⁴, karibu 0.491. Moja iko juu ya nusu, nyingine chini. Mcheza kamari Chevalier de Méré alihusika na fumbo hili, na barua za wanahisabati Pascal na Fermat za mwaka 1654 kuhusu maswali ya aina hii ndizo zilizoweka msingi wa hesabu za uwezekano.

#15 Witiri

Kuna swali naliona linabishaniwa sana: dadu mbili zimerushwa, umeambiwa angalau moja ni 6. Uwezekano kwamba zote ni 6? Naona ni 1/6. Moja tayari ni 6, imebaki moja.

#16 Sehemu_Moja

Ni 1/11. "Imebaki moja" ndipo pameharibika: ipi? Hujaambiwa ni dadu ipi yenye 6.

Ifanye moja iwe nyekundu na nyingine nyeupe, uandike jozi zote 36. Zenye angalau 6 moja: nyekundu 6 na nyeupe 1 hadi 5, jozi 5. Nyeupe 6 na nyekundu 1 hadi 5, jozi 5. Zote 6, jozi 1. Jumla 11, na unayoitaka ni moja.

Swali likisema "dadu NYEKUNDU ni 6", hapo jozi ni 6 na jibu lako la 1/6 ni sahihi. Neno moja tu.

Usijione umekosea peke yako. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Aliona matokeo matatu: kichwa mara ya kwanza (mchezo umeisha), kichwa mara ya pili, au hakuna kabisa. Matatu ndiyo, lakini hayana uzito sawa. La kwanza lina nusu nzima peke yake. Jibu ni 3/4.

#17 Witiri

Nimeziandika zote 36, ni 5 + 5 + 1 kweli. Narudisha maneno yangu.

Nimejaribu na hili: angalau moja ni 6, uwezekano kwamba jumla ni namba shufwa? Nilikuwa naelekea kuandika 1/2. Kwenye zile 11, jumla shufwa ni (6,2), (6,4), (2,6), (4,6) na (6,6). Nimepata 5/11.

#18 Sehemu_Moja

5/11, na (6,6) umeiandika mara moja tu. Hapo ndipo wengi wangeandika 6/12 na kurudi kwenye nusu.